Kuiamsha Redio Iliyo Mbali

Mhariri amenipa nafasi nieleze jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kuzima kifaa na kukiwasha tena. Wenzangu wa Kidato cha Tatu husema huo si ujuzi. Ati hata mtoto wa nasari akiona televisheni imeganda atachomoa waya na kuurudisha! Haya, nakubali, mradi mtoto huyo amesimama mbele ya televisheni yenyewe. Je, kama kifaa kiko juu ya paa, lango la shule limefungwa, nawe uko kwenu kilomita sita kutoka hapo? Na kama kiko mbali kuliko sayari zote? Hapo kuzima ni rahisi mno. Kuwasha ndiko kwenye kazi, kwa maana kitu kilichozimwa hakina masikio ya kukusikia ukikiambia kiwake.

Kifaa ninachokizungumzia ni redio, ila si ile redio ya nyanya ya kusikilizia salamu na matangazo ya vifo. Redio ya nyanya ilipangwa vipuri vyake kiwandani kwa kazi moja, na kazi hiyo ndiyo itakayofanya hadi siku ya kufa kwake. Ukitaka isikilize ndege au setilaiti, itabidi uivunje na kuijenga upya. Redio ya programu ni tofauti. Yenyewe hufanya mambo machache tu: hupokea mawimbi kutoka kwa eriali, huyapima mamilioni ya mara kila sekunde, kisha huikabidhi kompyuta vipimo hivyo kama namba. Kazi iliyobaki, ya kuchuja, kutenganisha na kutafsiri, hufanywa na programu ndani ya kompyuta. Badilisha programu na redio ile ile imekuwa redio nyingine. Asubuhi ni ya FM, mchana ni ya ndege, jioni ni ya setilaiti ya hali ya hewa, na hakuna parafujo hata moja iliyofunguliwa.

Ajabu ni kwamba redio ya chama chetu cha sayansi haikuzaliwa iwe redio ya programu. Ni kijiti cha USB, ukubwa wa flashi diski, cha aina iliyouzwa ili watu watazame televisheni ya dijitali kwenye kompyuta. Ndani yake mna chipu mbili muhimu (si zile chipsi za kantini, tafadhali). Ya kwanza, R820T, huchagua masafa. Ya pili, RTL2832U ya kampuni ya Realtek, hupima mawimbi na kutuma namba. Mwaka 2012 watu wanaopenda kuchokorachokora vifaa walibaini kwamba chipu hii ya pili inaweza kuambiwa iache mambo ya televisheni na itoe namba ghafi peke yake. Tangu hapo kijiti cha bei nafuu kikawa redio ya kusikia kuanzia takribani megahezi 24 hadi zaidi ya 1,700.

Sisi tunasikiliza ndege katika megahezi 1,090. Ndege za abiria hujitangaza zenyewe bila rubani kufungua mdomo: utambulisho wake, kimo chake na mahali ilipo, na mahali hapo hupatangaza kama mara mbili kila sekunde. Ili tuyapate maneno hayo, kijiti huchukua jozi milioni 2 za namba kwa sekunde, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Hizo ni baiti milioni 4 kila sekunde. Ukichukua insha ya Kiswahili yenye herufi kama 2,500, ni sawa na insha 1,600 kupita katika waya mmoja kabla hujamaliza kusema "naam". Mwalimu wetu wa Kiswahili ambaye husahihisha insha zetu zote kwa wiki nzima atanielewa vizuri hapa.

Sasa, kifaa cha namna hii hukwama. Tena hukwama kimyakimya, hakitoi moshi wala mlio. Ndani ya chipu mna visanduku vidogo vya kumbukumbu viitwavyo rejista. Programu inapotaka kusikiliza masafa fulani, huandika namba katika visanduku hivyo, na maagizo ya ile chipu ya kuchagua masafa lazima yapitie kwa ile chipu nyingine kwanza. Stima ikipepesa kidogo katikati ya mazungumzo hayo, au joto la mabati likizidi saa nane mchana, namba zinaweza kubaki nusu nusu. Chipu moja inasubiri jibu ambalo halitakuja. Ni kama mwanafunzi aliyeambiwa asubiri nje ya ofisi mpaka aitwe, kisha mwalimu akatokea mlango wa nyuma akaenda zake. Mwanafunzi ni mtiifu, hana kosa, lakini atasimama pale hadi jioni.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa ya kwanza, kufunga programu na kuifungua tena. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi haisaidii, na nilitaka sana kujua kwa nini. Sababu ni kwamba programu imeanza upya lakini chipu haijaanza upya. Mlango wa USB unaendelea kuilisha voliti 5 mchana na usiku, na maadamu inakula, inakumbuka yale yale yaliyoikwamisha. Dawa ya pili ni ishara maalumu ya USB, inayoiambia ile chipu ya mlangoni, "Tuanze mazungumzo upya." Hii ina nguvu zaidi, lakini chipu iliyo nyuma yake haikuambiwa lolote, nayo inaweza kubaki imekwama vile vile. Dawa ya tatu ni kukata voliti 5 zenyewe. Chipu isiyo na umeme haina kumbukumbu ya rejista, na umeme ukirudi inaamka kama ilivyotoka kiwandani. Ila usirudishe papo hapo! Katika Fizikia tumejifunza kwamba kapasita huhifadhi chaji, nazo zimejaa ndani ya kijiti na ndani ya kompyuta. Ukikata na kurudisha haraka haraka, zinailisha chipu katika pengo hilo na ni kana kwamba hukukata kitu. Sisi husubiri sekunde kumi. Kwa hiyo yule fundi anayekwambia "zima, hesabu hadi kumi, washa" hakuloga, anasubiri kapasita zimwage chaji.

Ugumu wetu ulikuwa mahali. Shule yetu ni ya kutwa, na saa kumi na moja jioni lango hufungwa. Redio pamoja na kompyuta yake ndogo, Raspberry Pi, zimewekwa kwenye kisanduku chini kidogo ya paa la maabara, ili waya wa eriali uwe mfupi. Tulitaka orodha ya ndege zinazopita usiku na mchana kwa majuma mawili bila kukatika, kwa ajili ya mradi wa Jiografia. Redio ikikwama Ijumaa usiku, siku mbili na zaidi zimepotea. Na ikikwama siku ya shule, mwenye ruhusa ya kupanda ngazi ni mmoja, msimamizi wa maabara, mzee anayekaribia kustaafu. Alikuwa akipanda bila kunung'unika, anachomoa, anahesabu, anarudisha. Siku moja ya mvua mguu wake uliteleza kwenye kidaraja cha tatu. Alishika bomba la maji, akatulia, akashuka polepole. Akasema, "Vijana wangu, hii redio yenu itanivunja kiuno kabla ya pensheni."

"Pole sana, Mzee," tukasema, na kwa kweli hatukuwa na la kuongeza. Mwalimu mkuu alipopata habari alitoa uamuzi mfupi: ama redio ijifunze kujiwasha, ama ishushwe. Nami namuunga mkono. Orodha ya ndege haiwezi kulinganishwa na kiuno cha mtu.

Tulianza na lililoonekana rahisi. Kuna programu za kuiambia kompyuta izime umeme wa mlango wa USB, kisha iuwashe. Tuliiagiza, ikajibu kwamba mlango umezimwa. Lakini mwalimu wetu wa Fizikia si mtu wa kuamini majibu ya kompyuta. Alituambia tuchukue voltimita ya maabara. Katika waya wa USB wa kawaida, mwekundu hubeba voliti 5, mweusi ni wa kurudi, mweupe na kijani hubeba habari. Tulipopima mwekundu na mweusi kwenye kile kigawanyio cha milango ya USB tulichokuwa tumeunganisha, sindano ilisimama kwenye 5, haikutikisika! Baadaye tulisoma kwamba vigawanyio vingi ni hivyo hivyo. Vinapokea amri ya kukata umeme, vinaitikia kwa adabu, na havikati chochote, kwa kuwa mtengenezaji hakuweka swichi yenyewe ndani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote atakayejaribu: pima kwanza, amini baadaye.

Milango ya Raspberry Pi yenyewe inakatika kweli, lakini kuna mtego. Kwenye aina tuliyo nayo, milango yote minne huzimwa pamoja, huwezi kuchagua mmoja. Na katika mlango wa pili ndimo tulimokuwa tumechomeka modemu ya intaneti, ile tunayopitia tukiwa nyumbani. Mnaona tatizo? Ukiwa nyumbani unaagiza, "Zima milango." Redio inazima, na modemu inazima. Halafu unataka kuagiza, "Washa milango." Utaagiza kupitia wapi? Ni yule mtu wa hekaya aliyekaa juu ya tawi huku akilikata kwa shoka.

Kuna njia mbili za kutoka kwenye mtego huo na sisi tulizitumia zote. Ya kwanza ni kutotuma amri ya kuzima peke yake kabisa. Amri inayotumwa ni moja, yenye safari nzima ndani yake: zima, subiri sekunde kumi, washa. Kompyuta inaishika yote kabla ya kuanza, kwa hiyo hata mawasiliano yakikatika katikati, nusu ya pili itatimizwa. Ya pili ni kumtenga mwamshaji na mwamshwaji. Modemu tuliihamisha, sasa inakula kwenye chaja yake yenyewe. Na kijiti tulikiwekea rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ambayo imekata ule waya mwekundu peke yake.

Hapa kwenye rilei niruhusuni nikae kidogo, kwa kuwa ndipo uamuzi mdogo huleta tofauti kubwa. Rilei ina miguu miwili ya kuchagua. Mmoja hupitisha umeme rilei inapovutwa, mwingine hupitisha inapokuwa imelala. Wengi wetu tulitaka ule wa kwanza, kwa maana inaonekana ni jambo la kawaida: vuta, redio iwake. Lakini fikirieni kompyuta ndogo ikiganda, au ikijianzisha upya. Sumaku inaachia na redio inazima, na itabaki imezimwa mpaka mtu aje. Tukatumia mguu wa pili. Rilei ikilala, redio inawaka. Ni lazima mtu au programu ifanye juhudi ili redio izime, na juhudi hiyo ikikoma kwa sababu yoyote ile, redio inarudi kuwaka yenyewe. Hali ya ajali tumeifanya iwe hali ya kuwaka.

Bado swali moja. Nani atagundua kwamba redio imekwama saa tisa usiku, sisi tukiwa tumelala fofofo? Wahandisi wana kitu wanachokiita mbwa mlinzi, nami naona jina limemfaa. Ni saa ndogo ndani ya chipu inayohesabu kurudi nyuma. Programu lazima imrushie mfupa kabla hesabu haijafika sifuri, na mfupa ukirushwa hesabu huanza upya. Mfupa usipokuja, mbwa haulizi maswali, anaianzisha kompyuta nzima upya. Raspberry Pi anaye mbwa huyu ndani kwa ndani, na subira yake haizidi sekunde 15 hivi. Kizuri ni kwamba mbwa hategemei programu iwe na akili timamu. Yeye anasikiliza ukimya tu.

Lakini mbwa anaweza kudanganywa. Programu inayomrushia mfupa ikiwa ni nyingine, isiyohusiana na redio, basi redio inaweza kufa Ijumaa na mifupa ikaendelea kurushwa hadi Jumatatu. Mbwa ameshiba na nyumba imeibiwa. Kwa hiyo tulifunga kamba ngazi kwa ngazi. Programu ndogo hutazama kama namba zinafika kutoka kwa kijiti. Zikikosekana kwa dakika moja, inavuta rilei kwa sekunde kumi na kuiachia. Programu hiyo hiyo ndiyo yenye mifupa. Ikiganda yenyewe, mbwa anang'ata, kompyuta inaanza upya, rilei inalala, redio inawaka. Zingatieni kwamba tunatazama namba kutoka kwa kijiti, hatutazami ndege. Saa tisa usiku anga inaweza kuwa tupu kihalali, na si haki kumpiga mtu kofi kwa kuwa hana habari za kukupa.

Kuna vifaa vingine vya kuamsha kutoka mbali ambavyo nitavipitia haraka. Kompyuta kubwa ya maabara, inayohifadhi orodha, huamshwa kwa waya wa mtandao. Kadi yake ya mtandao hubaki na umeme kidogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, ikisubiri ujumbe mmoja tu: baiti 6 zilizojaa kabisa, kisha anwani ya kadi yenyewe, ambayo ni baiti 6, ikirudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Kadi ikiliona jina lake limeitwa mara 16 mfululizo, inabonyeza swichi kwa ndani. Kwa kijana anayeamshwa na mamake saa kumi na moja alfajiri, mara 16 ni chache. Hila yake ni kwamba soketi ya ukutani isizimwe. Shule nyingi zina mlinzi mwema anayepita jioni akizima kila soketi ili kupunguza bili ya stima, na hapo kadi inakufa pia. Tumebandika karatasi yenye maandishi mekundu.

Aidha kuna rilei zenye laini ya simu ndani. Unaziflashi! Simu inaita, kifaa kinatazama namba yako kama imo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, kinakataa kupokea, na kinageuza swichi. Hakuna hata senti iliyotumika. Watu hufungulia mageti kwa njia hiyo. Sisi hatukununua, mfuko wa chama haukuruhusu, lakini naona ndicho kifaa chenye akili ya Kikenya kuliko vyote.

Mtu aweza kusema haya ni mambo ya paa la mabati tu. La hasha. Redio za programu zimefika hata Mirihi. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa mwaka 2005, kina redio iitwayo Electra ambayo programu yake inaweza kubadilishwa kutoka huku duniani. Na hata kabla ya redio za programu, tatizo lilikuwa lile lile. Voyager 2, kilichorushwa tarehe 20 Agosti 1977, kilipewa mbwa mlinzi wa aina yake: kikipita wiki moja bila kupata amri kutoka duniani, kidhani kwamba kipokezi chake kimeharibika na kihamie cha akiba. Aprili 1978 wiki ilipita bila amri, chombo kikahamia cha akiba. Kumbe cha akiba kilikuwa na kapasita mbovu, hakiwezi kufuata masafa yanayosogea. Kiliporudi kwenye kipokezi cha kwanza, hicho nacho kikafa moja kwa moja. Ilibidi wahandisi wangoje mbwa ahesabu tena, chombo kirudi kwa kile kigonjwa, kisha wapige hesabu ya masafa kamili kila wanapotaka kusema nacho. Chombo hicho kimepita Uranus na Neptune kikisikia kwa sikio hilo moja bovu.

Mwaka 2023 kilitia watu hofu tena. Tarehe 21 Julai amri zilizotumwa ziligeuza eriali yake digrii 2 tu kutoka kwa dunia, na mawasiliano yakakatika. Hata hivyo haikuwa mwisho wa habari, kwani chombo kilikuwa tayari kimepangiwa kujielekeza upya chenyewe tarehe 15 Oktoba, kama kinavyofanya mara kadhaa kwa mwaka. Yaani amri ya kuamka ilikuwa imeshawekwa ndani kabla ya ajali, sawasawa na amri yetu ya zima-subiri-washa. Hawakungoja Oktoba. Kutoka kituo cha Canberra, Australia, walipaza sauti kwa eriali yao kubwa ya mita 70. Sauti ilisafiri saa 18 na nusu kwenda, jibu likachukua muda kama huo kurudi, na tarehe 4 Agosti chombo kikawa kimerudi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa ISEE-3, kwa sababu hapo redio ya programu ndiyo iliyokuwa mwamshaji. Kilirushwa tarehe 12 Agosti 1978 kuchunguza upepo wa Jua. Mwaka 1985 kikapita katika mkia wa nyotamkia Giacobini-Zinner, na mwaka 1997 NASA ikafunga kazi yake. Kikaachwa kikizunguka Jua, kisambazaji kikiwa bado kinawaka. Mwaka 2014 njia yake ilikuwa inakirudisha karibu na dunia, lakini mitambo ya kukitumia amri ilikuwa imeshang'olewa miaka mingi nyuma, na kuijenga upya kulionekana ni gharama isiyo na maana. Kundi la watu wakiongozwa na Dennis Wingo na Keith Cowing likachangisha takriban dola 160,000 kutoka kwa wananchi. Ofisi yao huko California ilikuwa jengo lililowahi kuwa mkahawa wa McDonald's! Walitafuta karatasi za zamani zinazoeleza lugha ya chombo, wakaandika programu, wakapeleka redio ya programu kwenye eriali ya Arecibo, Puerto Rico, iliyokuwa na upana wa mita 305. Mtambo uliokufa ulifufuliwa kama programu. Mwishoni mwa Mei 2014 chombo kilipokea amri na kuzitii, kikaanza kueleza hali ya viungo vyake.

Jiulizeni kwa nini kiliweza kusikia baada ya miaka 17. Hakikuwa na kompyuta ndani, na hakuna aliyekiwasha. Kipokezi cha amri hakikuwahi kuzimwa. Sikio moja liliachwa wazi, likila umeme kidogo wa jua, na sauti ya lugha yake ilipokuja, likaisikia.

Na bado kuna kisichotibiwa kwa kuamsha. Tarehe 2 Julai mwaka huo injini zake ndogo ziliwashwa kwa mara ya kwanza tangu 1987. Tarehe 8 walipojaribu kuziwasha kwa muda mrefu zaidi ili wakibadilishe njia, zilikataa: gesi ya naitrojeni ya kusukuma mafuta ilikuwa imeisha. Walijaribu tena na tena. Hakuna amri inayojaza mtungi. Chombo kikapita karibu na Mwezi tarehe 10 Agosti, na tarehe 16 Septemba 2014 mawasiliano yakakatika. Eriali ya Arecibo nayo iliporomoka tarehe 1 Desemba 2020.

Kwa sababu hiyo programu yetu huhesabu. Eriali ikianguka au maji yakiingia kwenye kijiti, kuzima na kuwasha usiku kucha hakutengenezi kitu, tena kuianzisha kompyuta upya kila mara huweza kuharibu kadi ya kumbukumbu, na orodha yote ikaenda nayo. Inajaribu mara tatu. Ikishindwa, inaiacha redio ilivyo, inaandika saa na dakika, inatuma ujumbe kwa mwalimu wetu wa Fizikia na kunyamaza. Asubuhi ngazi inaegeshwa ukutani, mvua ikiwa haipo, na mmoja wetu anaishikilia kwa chini Mzee akipanda.